WhatsApp si bure, na mengine niliyochoka kuyarudia kaunta

"Fundi, salio langu limeibwa."

Siku hizi hiyo ndiyo salamu ninayofungulia nayo kazi. Nina kibanda hapa Moshi, si mbali na stendi: natengeneza simu, nasajili laini, natoa huduma za pesa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Pasua aliiweka simu yake juu ya kaunta kama mtu anayetoa kidhibiti mahakamani. Jioni ameweka vocha ya elfu mbili, asubuhi amekuta shilingi hamsini na ushee. Nikamwamkia, nikamuuliza, mama, jana usiku ulimpigia nani? Akasema hajampigia mtu. Aliongea tu na binti yake aliyeko Dar, tena kwa WhatsApp, "na WhatsApp si bure, baba?"

Mwezi huu hilo swali nimelijibu mpaka nimeacha kuhesabu. Leo naliandika, anayekuja nimwonyeshe asome.

"WhatsApp ni bure"

Wenye WhatsApp hawakutozi senti, hilo ni kweli. Walileta simu za sauti mwaka 2015, za video 2016, na hawatozi kwa dakika. Ila sauti yako haifiki Dar kwa upepo. Inakatwakatwa, inafungwa vifurushi vidogo, inasafiri kama data, na data hiyo umeinunua kwenye laini yako. Simu ya kawaida unalipia dakika. Simu ya intaneti unalipia uzito.

Nilimfungulia yule mama simu yake tukatazama pamoja. Alijiunga bando la saa 24 juzi yake saa mbili usiku. Jana yake akaanza kuongea na binti saa mbili kasoro dakika kumi, kwa video, mjukuu akionyeshwa jino lililong'oka. Saa mbili ilipogonga bando likafa. Simu haikukatika wala haikupiga kelele. Iliendelea kuchota, safari hii kwenye salio lake la kawaida, kwa bei ya data ya nje ya bando. Mwizi ni jino la mjukuu.

Hakuniamini, nami simlaumu. Nikachukua simu zangu mbili, nikafuta hesabu ya matumizi ndani ya WhatsApp (ipo kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na karibu hakuna anayeifungua), moja nikampa jirani muuza mitumba, tukaacha mstari wazi dakika kumi. Simu ya sauti haikumaliza hata MB 10. Tukarudia kwa video, na hesabu ikapanda mara kadhaa huku jirani akiwa amesimama tu anaonyesha suruali.

Ukitaka hesabu ya kukusaidia nyumbani, chukulia simu ya sauti inakula kama nusu MB kwa dakika. GB moja inakupa zaidi ya saa thelathini za maongezi. Video ukiipa MB 5 kwa dakika, GB hiyohiyo inaisha ndani ya saa tatu na nusu. Namba hizi zinapanda na kushuka kulingana na simu na mtandao, lakini pengo kati ya sauti na video halijifichi. Kwa hiyo sisemi WhatsApp ni ghali. Kwa sauti ni nafuu sana, pengine kuliko chochote. Nasema si bure, na anayeamini ni bure ndiye anayewasha video kumuuliza mwenzake kama chumvi imebaki.

Humo humo kwenye mipangilio kuna swichi ya kupunguza matumizi ya data wakati wa simu. Iwashe. Nikiuza simu huwa naiwasha mwenyewe kabla sijamkabidhi mteja, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Kuna la pili ambalo watu hawalifikirii kabisa, na ndilo linaloniuma zaidi. Ukimpigia mtu simu ya kawaida hapa nchini, unalipa wewe peke yako. Anayepokea halipi kitu. Kwenye WhatsApp analipa na yeye, kwa sababu sauti yako anaishusha kwa data yake na ya kwake anaipandisha kwa data yake. Namjua kijana anayefanya kazi Dar, ana intaneti ya ofisini, anampigia bibi yake Kibosho kila jioni kwa video. Kwake ni kweli haimgharimu, maana mwajiri ndiye analipa. Bibi huku anaunguza bando la elfu moja kwa siku, analiomba kwa wajukuu wengine, na anaona aibu kumwambia. Nilipomweleza yule kijana alishika kichwa. Siku hizi anampigia kwenye kitochi, dakika za kawaida, na wanaongea muda mrefu zaidi kuliko zamani kwa sababu bibi hana wasiwasi tena.

Ndiyo maana mtu akiniuliza apige kwa njia ipi, mimi namuuliza kwanza habari za anayepigiwa: ana simu gani, anakaa wapi, bando lake nani analinunua? Watu huja wakifikiria simu yao tu. Mwenzako akiwa Uru au Old Moshi, ng'ambo ya kigongo ambako mnara unachungulia, data huja na kuondoka lakini simu ya kawaida inashika. Akiwa Marekani au Ujerumani ana Wi-Fi ya nyumbani, usihangaike na bei ya kimataifa ya laini, mpigie kwa intaneti. Ila ujue WhatsApp haipigi simu ya mezani ya ng'ambo. Dereva mmoja wa watalii kutoka Arusha alikuja kwangu analalamika Skype imegoma, alikuwa anaitumia kumpigia mzee mmoja mgeni wake wa zamani asiye na simu janja. Haikugoma. Ilifungwa Mei 5, 2025. Nikamwekea Viber, ambayo ina huduma ya kununua salio na kupiga namba yoyote, hata ya mezani.

Na Desemba, jamani. Wachaga wote wanarudi nyumbani kwa wiki mbili, mnara ni uleule wa Juni. Kila mwaka tarehe 24 watu wananijia: "Fundi, WhatsApp inaongea kama roboti." Data ni kama daladala, wote mnajazana kwenye gari moja, na sauti yako ni abiria kama wengine. Simu ya kawaida ya 2G au 3G hupewa njia yake mpaka ukate. Inaweza kukataa kuingia kabisa, lakini ikiingia haikatikikatiki hivyo. Krismasi tumieni dakika.

Simu pekee ya bure niliyowahi kuiona maishani ni bipu.

"4G ndiyo inayofanya simu zisikatike"

Hii ni ya vijana. Dogo anakuja: "Broo, watu wanasema sipatikani siku ya tatu, laini imefungwa?" Naichukua simu, pale juu imeandika 4G, imenyooka, intaneti inakimbia. Nabonyeza *#*#4636#*#*, naingia kwenye taarifa za simu, nakuta ameiweka "LTE only", yaani 4G peke yake. Ameona mahali kwamba ukifanya hivyo kasi inaongezeka.

Simu nyingi zikipigiwa hushuka kwanza kwenye 3G au 2G zipokee, kisha hurudi 4G ukikata. Ndiyo maana wengine intaneti yao huganda wakiwa wanaongea. Si mtandao mbovu. Kuongea juu ya 4G yenyewe kunahitaji VoLTE, yaani huduma ya kupitisha sauti ya simu kwenye 4G, na VoLTE lazima simu iwe nayo, laini iwe imewezeshwa, na mnara ulio karibu uwe nayo. Ukiifungia simu kwenye 4G bila VoLTE umeibomolea ngazi ya kushukia. Anayekupigia anaambiwa haupatikani, wewe uko TikTok. Rudisha kwenye chaguo lenye 4G, 3G na 2G kwa pamoja. Ni sekunde kumi, na kwa hizo sekunde kumi natoza elfu mbili, kwa makusudi.

"Namba ikianza hivi ni mtandao ule, usimpigie ni ghali"

Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinakuambia laini ilizaliwa wapi, hazikuambii inaishi wapi. Na bando nyingi za dakika siku hizi ni za mitandao yote. Soma bando lako kabla hujamkatia mtu simu eti yuko upande wa pili. Wanaotembea na laini tatu kwa ajili hii tu, mbili mnaweza kuzipumzisha.

Ila msizitupe hovyo. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine. WhatsApp yako imesimama juu ya namba hiyo. Atakayeipata akiisajili, msimbo wa kuhakiki unakwenda kwake. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ile inayoshika WhatsApp yako iwekee vocha mara moja moja.

"Simu ya mezani imekufa"

Kwa matumizi ya nyumbani wengi wenu hamuihitaji, sitawadanganya. Lakini haijafa, 027 bado inaita Moshi, Arusha, Tanga na Manyara, na hoteli na hospitali wanaitegemea. Kinachonikera ni wanaosimulia kwamba simu ya mezani haijali umeme kukatika. Hiyo ilikuwa ya waya wa shaba. Umeme wake ulitoka kwenye betri za kituo cha simu, volti 48, ukaja na waya uleule mpaka kwenye mkono wa simu. TANESCO wakikata, yenyewe ilikuwa inalia.

Ya faiba si hivyo. Faiba ni kioo, inapitisha mwanga, haibebi umeme wa kuendesha simu. Kile kiboksi ukutani kinakula umeme wa nyumbani kwako, ukikatika na simu imezima. Mzee mmoja wa Shanty Town aliwekewa ya faiba, akaja kuniuliza mbona sasa inazima kama taa. Nikamuuzia betri ndogo ya kushikilia kile kiboksi. Kama una mzazi mzee ambaye kioo cha kugusa kinamshinda, simu ya mezani yenye vitufe vikubwa na betri kama hiyo ni chaguo zuri kabisa. Kama huna mzee wa namna hiyo, nunua kitochi.

"Nikipatwa na shida nitapiga WhatsApp"

Hutapiga. WhatsApp haiunganishi namba za dharura. 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zinapigwa kwa simu ya kawaida. Dada mmoja jikoni kwake gesi ilishika moto, akawa anatafuta "zimamoto" kwenye orodha ya majina ya WhatsApp, data imekwisha, salio lipo. Majirani ndio waliouzima kwa blanketi lililolowa. Alinisimulia hayo akiwa amekuja kubadilisha kioo, simu ilimponyoka akikimbia.

Nikamsevia namba zote mbili kwenye kitabu cha simu, moja nikaipa jina AAA POLISI, nyingine AAA MOTO, zikae juu kabisa. Kioo nilimfanyia kwa bei ya jumla.