Maana ya "Fedha Zisizowekwa Benki" Katika Kurekodi Hundi za Wateja

Anayeanza kutumia programu ya uhasibu ya biashara ndogo hukuta katika orodha yake akaunti ambayo hakuifungua mwenyewe, isiyo na jina la benki wala namba. QuickBooks, mojawapo ya programu hizo, kwa miaka mingi iliipa jina lenye maana ya "fedha zisizowekwa benki". Wengi huipita bila kuigusa, nao ndio ambao baadaye hushindwa kuelewa kwa nini hundi za wateja hazilingani na taarifa ya benki.

Hundi ni agizo la maandishi ambalo mteja anaipa benki yake imlipe mtu aliyetajwa. Tangu mfanyabiashara aipokee hadi aipeleke benki, deni la mteja limeshapunguzwa vitabuni, ilhali salio la benki halijasogea hata senti moja. Thamani ya hundi hiyo haina budi kuonekana mahali fulani katika siku hizo, na mahali penyewe ni akaunti hii ya mpito. Kwa lugha ya wahasibu, hundi inapopokelewa akaunti ya mpito hudebitiwa, yaani salio lake huongezeka, na akaunti ya wadaiwa, inayoonyesha wanachodaiwa wateja, hukreditiwa, yaani hupungua. Hundi inapowekwa, benki hudebitiwa na akaunti ya mpito hukreditiwa.

Tuseme zimepokelewa hundi tatu, za 40,000, 25,000 na 15,000, zikapelekwa benki pamoja kwa hati moja. Benki ikiziingiza kwa jumla, taarifa yake itaonyesha mstari mmoja tu wa 80,000. Aliyeziingiza moja moja katika akaunti ya benki atakuwa na mistari mitatu isiyofanana na huo mmoja. Kwa hundi tatu atakisia. Kwa hundi thelathini, usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, utammalizia siku nzima. Aliyezipitisha kwenye akaunti ya mpito atafungua ukurasa wa kuweka fedha, atazichagua zote tatu, na programu itaandika 80,000 kama benki ilivyoandika.

Malipo yenyewe hurekodiwa katika ukurasa wa kupokea malipo ya mteja. Huchaguliwa jina la mteja, tarehe ya kupokea, hundi kama njia ya malipo, na namba ya hundi jinsi ilivyochapishwa kwenye karatasi, kisha hutiwa alama ankara inayolipwa. Hundi moja inaweza kulipia ankara kadhaa, au sehemu tu ya ankara moja, na kinachozidi hubaki kuwa stahili ya mteja kwa ajili ya ankara zijazo.

Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuiingiza hundi kama mauzo mapya ilhali ankara yake ipo. Mapato huhesabiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ankara na mara ya pili kwa hundi, na mteja aliyekwisha kulipa huendelea kusomeka kuwa anadaiwa. Ubaya wake ni kwamba halipigi kelele: faida inaonekana nono, mwenye biashara anafurahi, na huenda akalipia kodi fedha ambazo hakuzipata.

Hundi yenye tarehe ya mbele haifai kurekodiwa kama malipo kabla ya tarehe hiyo. Inatosha kuiandika pembeni na kuitunza. Hundi ikirudishwa na benki kwa kukosa fedha, rekodi ya malipo isifutwe, kwa sababu taarifa ya benki itaonyesha fedha zikiingia na kutoka, na vitabu navyo vinapaswa kuonyesha hivyo hivyo. Linalofanyika ni kuandika ingizo la kurejesha deni kwa mteja, na makato ya benki huandikwa peke yake kama gharama.

Salio la akaunti ya mpito linapaswa kulingana wakati wote na hundi zilizomo ndani ya droo zikisubiri kupelekwa benki. Ikisomeka 25,000 na droo ni tupu, ama hundi imepotea, ama imeshawekwa benki na mtu akaiandika kwa mlango mwingine. Kabla ya kumpigia mteja simu, itafutwe kwanza katika maingizo ya akaunti ya benki.