Theluthi Moja Si Amri ya Kuwafuta Watu Kazi

Kila nafasi za kazi zinapotangazwa serikalini, na hasa sasa Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 unaponukia, swali huwa lile lile: "Sheria si ilisema kabila moja lisizidi theluthi? Mbona waliozidi hawafutwi?" Hawafutwi kwa sababu kumfuta mtu kwa ajili ya kabila lake ndio ubaguzi wenyewe. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinaitaka taasisi ya umma ijitahidi kuakisi sura ya Kenya katika ajira, na kinakataza zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Taasisi yenye watu 300, basi, isipitishe 100. Iliyopitisha hujirekebisha pole pole, kwa nafasi zinazoachwa na wanaostaafu na kwa nafasi mpya. Anayeahidi kulimaliza jambo hili kwa mwezi mmoja anatafuta kura.

Kaunti zina kanuni yao. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Soma tena: zilizo wazi, ngazi ya kuanzia. Si asilimia 30 ya wafanyakazi wote. Kanuni hizi mbili huchanganywa kila siku, na wanaozichanganya si raia wa kawaida peke yao.

Hata hivyo, taasisi inaweza kutimiza hesabu na bado ikabagua. Orodha ya wafanyakazi wa kudumu ikiwa safi, tazameni vibarua, wanafunzi wa mafunzo kazini na makaimu. Kibarua huletwa na mtu anayemfahamu msimamizi, bila tangazo. Mwaka ukipita nafasi ya kudumu inatangazwa, na tangazo linadai "uzoefu wa mwaka mmoja katika taasisi hii". Hapo jopo la usaili limebaki kugonga muhuri tu. Ukaimu nao ni hivyo hivyo: mtu anakalia kiti miezi mingi, kisha anawashinda wenzake kwa uzoefu ambao hawakupewa nafasi ya kuupata. Dawa ni nyepesi kuliko semina za hotelini. Vibarua watangazwe, hata kama ni kwa karatasi kwenye ubao wa notisi wa kila kituo. Ukaimu uwe na tarehe ya mwisho. Na takwimu za jamii zikusanywe kwa kila daraja na kila aina ya mkataba, kwa maana taasisi inaweza kuwa na sura ya Kenya mlangoni na sura ya kijiji kimoja ghorofa ya juu.

Tangazo lenyewe nalo lina mitego. Sharti la "awe anajua lugha ya eneo hili" linakubalika kwa mhudumu wa afya anayekwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazee. Kwa mhasibu, mnaficha nini? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja lugha waziwazi miongoni mwa misingi ya ubaguzi, sambamba na asili ya kikabila, na kinamfunga mwajiri binafsi sawa na wa umma. Kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi: vigezo viandikwe kabla ya maombi kufunguliwa, kila mwanajopo ajaze alama zake peke yake na kutia sahihi kabla ya mjadala, na swali la "nyumbani ni wapi?" liondoke kabisa chumbani. Wanaolitetea kwamba ni la kumfanya mtu atulie wamuulize kuhusu hali ya hewa.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa wengi hudhani ni maneno tu: kifungu cha 62 cha ile Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinamhusu anayetamka maneno kwa nia ya kuchochea dharau, chuki, uhasama, vurugu au ubaguzi kwa misingi ya kabila au rangi. Akipatikana na hatia, faini haizidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Kikundi cha WhatsApp cha ofisi si chumba cha kulala. Msidhani mliyoyaandika humo yamefichika. Kumwandama mfanyakazi kwa sababu amelalamika nako kumetajwa katika sheria hiyo, kifungu cha 4, kuwa ni ubaguzi.

Mwombaji aliyekosa kazi asidhani kwamba kukosa ni ushahidi. Wengine walikuwa bora kuliko wewe, na hilo hutokea. Ukiwa na sababu ya kushuku, omba kwa maandishi matokeo yako na vigezo vilivyotumika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Ukipinga uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, rufaa huandikwa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Ambatisha nakala ya tangazo, barua ya kuitwa kwenye usaili na barua ya kukataliwa. Siku 90 huanza kuhesabiwa siku ya uamuzi, si siku uliyojibiwa kuhusu matokeo, kwa hiyo barua ya kuomba matokeo ipelekwe wiki ile ile, na taasisi ikinyamaza, peleka rufaa yako bila kuisubiri.