Magamba Meupe ya Birika Si Chumvi ya Bahari

Wiki hii nimefungua hita ya tatu iliyoungua koili, na kwa mara ya tatu mwenye nyumba amesimama mlangoni na kuniambia maneno yale yale: "Fundi, ni hii chumvi ya bahari." Sauti imejaa uhakika. Katika nyumba za pwani nimelisikia jambo hili kiasi kwamba nimeona heri niliandike mara moja, kwa urefu, badala ya kulieleza tena huku nikiwa nimepiga magoti bafuni.

Dhana yenyewe ni hii: kwa kuwa tunaishi karibu na bahari, maji ya bomba lazima yawe na chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoganda kwenye birika, kuziba matundu ya shawa na kuacha madoa meupe kwenye glasi zilizokauka. Si kweli. Chumvi ya kawaida huyeyuka vizuri katika maji ya moto, kwa hiyo haiwezi kujishikiza kwenye koili iliyozama ndani ya maji. Itaonekana tu pale maji yalipokauka kabisa, na hata hapo kitambaa kibichi kinaifuta. Magamba yanayotusumbua ni chokaa, yaani kalisiamu kaboneti, dutu ile ile inayounda maganda ya mayai na makombe ya ufukweni.

Chokaa hiyo haitoki baharini bali ardhini. Pwani nyingi zimekalia miamba iliyotokana na matumbawe na makombe ya kale. Mvua inaponyesha, maji huchukua hewa ya ukaa angani na zaidi kwenye udongo, yakawa na ukali mdogo wa asidi, kisha yakipenya mwambani huyeyusha chokaa taratibu na kuibeba bila ya sisi kuiona. Maji yakishachotwa na kupashwa moto, hewa ile hutoroka, na chokaa, iliyokuwa imeshikiliwa nayo, hukosa pa kukaa ikang'ang'ania mahali penye joto kali kuliko pote, ambapo ni kwenye koili. Tena chokaa haifanani na sukari: kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo inavyoyeyuka kidogo zaidi. Ndiyo maana bomba la maji yasiyopashwa moto linaweza kudumu miaka mingi likiwa wazi, ilhali hita iliyo mita chache kutoka hapo imeshonwa na magamba. Mlio wa kugongagonga unaosikika ndani ya hita nyingi za namna hiyo ni mvuke ulionaswa chini ya tabaka la chokaa. Joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji, koili inajichemsha yenyewe, na mwisho inaungua.

Anayebisha na afanye jaribio lisilohitaji fundi. Bandua gamba moja la birika, livunje vipande viwili, kimoja kitie katika glasi ya maji na ukikoroge upendavyo, kitabaki kilivyo. Kingine kidondoshee kijiko cha siki kwenye kisahani, uinamie karibu utazame. Baada ya muda mfupi viputo vidogo vitaanza kupanda kutoka kwenye kingo za gamba, na kingo zenyewe zitalegea na kumomonyoka. Viputo hivyo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa. Chumvi ukiitilia siki haitoi kiputo hata kimoja.

Huenda mtu akaniuliza ninabishania nini, maana uchafu ni uchafu, uitwe chumvi au chokaa. Ninabisha kwa sababu jina baya huleta dawa mbaya. Chumvi hula chuma: hutoboa mabati, huchimba vishimo kwenye mabomba, huacha kutu. Chokaa hufanya kinyume chake, hurundikana juu ya chuma na kukifunika. Aliyeshikilia neno "chumvi" atanunua chujio la mkaa, ambalo huondoa harufu na ladha ya klorini lakini haligusi ugumu wa maji, yaani kalisiamu na magnesiamu zilizoyeyuka ndani yake, hata kidogo. Mwenye kisima atafanya kosa kubwa zaidi: atakichimba kwenda chini akidhani anaikimbia chumvi. Katika ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, kwa kuwa ya bahari ni mazito zaidi, hivyo kuchimba kwenda chini ni kuyaendea. Nyumba iliyokuwa na chokaa tu sasa ina chokaa na chumvi ya kweli. Na bahari ikishaanza kuingia kisimani, wenye nyumba huchelewa kushtuka, kwa kuwa kwa miaka yote wameshazoea kusema kwamba maji yana chumvi.

Maji ya bahari nayo ni magumu mno, kwani lita moja hubeba takriban miligramu 1,300 za magnesiamu na 400 za kalisiamu, kwa hiyo mambo haya mawili yanaweza kukutana. Ndiyo sababu ninasisitiza kupima yote mawili, ugumu na kloraidi (sehemu ya chumvi inayopimwa kujua kama maji yana chumvi), wala si kutegemea kile kipimo kidogo kama kalamu, ambacho hujumlisha kila kilichoyeyuka bila kutofautisha chokaa na chumvi. Ugumu usiozidi miligramu 60 kwa lita, kwa hesabu ya kalisiamu kaboneti, ni maji laini. Kuanzia 121 ni magumu, na kupita 180 ni magumu sana. Kloraidi ikikaribia miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuonja.

Mengine nitayapitia haraka. Shabu husafisha maji yenye tope, haiyalainishi. Kuchemsha huondoa sehemu tu ya ugumu, ile inayoshuka kama magamba. Kalisiamu iliyofungamana na salfati hubaki majini hata ukichemsha kutwa. Kuhusu hofu kwamba chokaa ya maji huleta mawe ya figo, Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi wa kuridhisha kwamba ugumu wa maji unadhuru afya, na mtu anayepunguza kunywa maji kwa kuogopa chokaa ndiye anayejiongezea hatari ya mawe hayo. Sabuni ya mche isipotoa povu, kuongeza sabuni huongeza pia utando wa kijivu unaoshika nguo. Tumia sabuni ya unga, ambayo huvumilia maji magumu.

Mashine ya kulainisha maji haimimini chumvi kwenye glasi yako. Chumvi hutumika kuoshea chembe zilizo ndani ya mashine zinazonasa kalisiamu, kisha maji hayo ya kuoshea humwagwa. Kinachobaki katika maji laini ni sodiamu, miligramu 46 hivi kwa kila miligramu 100 za ugumu zilizoondolewa. Hata hivyo mimi huwa naacha bomba la jikoni nje ya mashine, kwa ajili ya maji ya kunywa, maziwa ya mtoto mchanga na mtu aliyekatazwa sodiamu na daktari.

Na tafadhali, wekeni visu chini. Hakuna kinachofupisha maisha ya birika kama kukwangua koili kwa ncha ya kisu. Mimina siki na maji kwa kiasi sawa hadi koili ifunikwe, acha saa moja au mbili, mwaga, suuza, chemsha maji mara moja na uyamwage. Kichwa cha shawa kifungue ukilaze ndani ya siki usiku kucha. Hita isipite nyuzi 60, kwa sababu juu ya hapo chokaa hushuka kwa kasi. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kusafishia choo, si kwenye ndoo wala kwenye sinki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu la pwani lenye dirisha dogo halina pa kuitoa.