Kwa Nini Nasimamisha Takwimu za Soka la Mchangani Hadi Masika Yaishe

Kuanzia wiki hii hadi masika yatakapomalizika sitatoa msimamo wa ligi, orodha ya wafungaji wala matokeo ya ndondo, yaani mashindano ya soka la mitaani, za Temeke jijini Dar es Salaam, kazi ambayo nimeifanya kila mwisho wa wiki tangu mwaka 2013. Baadhi ya viongozi wa timu wamenipigia simu wakidhani naumwa, wengine wakidhani nimekosana na mtu. Siumwi, wala sijakosana na yeyote. Nasimama kwa sababu kumbukumbu ninazozitunza zimefika mahali ambapo kila mechi mpya ninayoiongeza inazidi kufukia makosa yaliyo chini yake, na kwa kuwa wengi wenu mmezitegemea, mnastahili kuelezwa makosa hayo ni yapi na yanarekebishwaje.

Jambo lililonifungua macho lilitokea mwezi Novemba. Alikuja nyumbani winga mmoja wa kushoto, kijana wa miaka kumi na tisa anayefahamika uwanjani kwa jina la Kijiko, akaniomba nimwandikie rekodi yake ya misimu miwili kwa sababu alikuwa ameitwa kwenye majaribio na timu ya daraja la juu. Nilifungua makaunta buku, nikahesabu, nikamwandikia mabao 23, nikatia sahihi. Siku nne baadaye kocha wake alinipigia simu akiuliza, kwa upole kabisa, imekuwaje mchezaji wake afunge mabao manne katika mechi ya Juni ambayo timu yake haikucheza. Nilirudi kwenye daftari nikiwa na wasiwasi, nikakuta kwamba katika ukanda wetu wapo akina Kijiko wawili, wa mitaa miwili inayopakana, na kwamba mabao 9 kati ya yale 23 niliyahesabu bila kujua ni ya nani. Barua ilikuwa imeshasomwa mezani kwa watu. Niliandika nyingine siku ileile na kuipeleka kwa mkono, lakini kijana aliingia kwenye majaribio yake akiwa na karatasi mbili zinazopingana, na hilo ni kosa langu peke yangu.

Chanzo chake ni kwamba tangu mwanzo niliandika majina, sikuandika watu. Kwenye ligi ya wilaya mchezaji anasajiliwa, anapewa leseni, na jina lake kamili linasomwa kwenye orodha inayokabidhiwa kwa kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, kabla ya mchezo. Kwenye ndondo hakuna hayo. Kiongozi wa timu anataja majina kwa mdomo huku wachezaji wakivaa jezi, na jina linalotajwa ni lile la uwanjani, ambalo linaweza kutoka kwa mama, kwa shabiki au kwa mchezaji maarufu wa televisheni, na linaweza kubadilika msimu ukibadilika. Ongezea mamluki, yaani wachezaji wanaokodiwa kwa mechi moja, ambao mara nyingi hutajwa kwa jina la mchezaji asiyekuwepo ili timu pinzani isikate rufaa. Mchezaji mmoja anaweza kuwa Hamisi siku ya Jumamosi kwenye ligi ya wilaya, na Jumapili jioni akawa Babu Kaju kwenye kombe la mbuzi upande wa pili wa reli. Daftari langu linaona watu wawili. Na pale ambapo watu wawili wanatumia jina moja, linaona mtu mmoja.

Tiba yake ni kumpa kila mchezaji namba moja isiyobadilika, kisha majina yake yote, ya leseni na ya uwanjani, kuyafunga kwenye namba hiyo. Maelezo ni mafupi, kazi ni ndefu. Nina makaunta buku kumi na moja, na kila mstari wenye bao lazima usomwe upya, ulinganishwe na timu, tarehe, namba ya jezi na nafasi aliyocheza mtu, ndipo uamuliwe ni wa nani. Palipo na shaka nitaacha bila mwenyewe. Heri bao lisilo na mfungaji kuliko bao la kubambikiza.

Lipo pia suala la saa, ambalo nadhani wanaotunza kumbukumbu kwa Kiswahili wote watalitambua. Mimi huandika mechi ya jioni kuwa ya saa 10:30, kama tunavyosema. Vijana wawili walionisaidia kuingiza matokeo kwenye kompyuta kuanzia mwaka 2019 waliandika 16:30, kama inavyoonekana kwenye simu zao. Kompyuta haijui jioni yetu. Katika bonanza moja la siku moja, mechi za makundi ziliingizwa kuwa za 13:00 na fainali kuwa ya 10:30, hivyo fainali ikatangulia, na mchezaji aliyepewa kadi nyekundu kwenye makundi akaonekana amecheza fainali kabla ya kutenda kosa. Nilipoanza kukagua nilidhani ni mechi chache. Misimu mitatu mizima imechanganyika namna hiyo, na njia pekee ya kuinyoosha ni kurudi kwenye daftari la mkono na kuangalia neno lililofuata saa: asubuhi, mchana au jioni.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho ningependa kila mtunza kumbukumbu wa ligi ndogo akitumie. Kwenye msimamo wowote, jumla ya mabao ya kufunga ya timu zote lazima ilingane na jumla ya mabao ya kufungwa, kwa sababu kila bao lina aliyelifunga na aliyefungwa. Nilipojumlisha ligi ya msimu mmoja, ya kufunga yalikuwa 214 na ya kufungwa 211. Matatu yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mechi ambayo timu moja haikufika uwanjani: niliipa timu iliyofika pointi tatu na mabao matatu ya mezani, nikasahau kuyaandika upande wa pili. Kibaya zaidi, katika msimu mwingine mabao ya mezani yalikwishagawiwa wafungaji, pengine na msaidizi aliyeona nafasi tupu akaijaza. Bao la mezani ni la kamati. Halina mfungaji, na halitakuwa naye tena.

Mikwaju ya penalti nayo imenisumbua. Katika madaftari ya mwanzo, mechi iliyoisha 1–1 na kuamuliwa kwa matuta 4–2 niliiandika 5–3, nikijumlisha vyote pamoja. Hiyo si sahihi kwa sheria za mchezo, kwa kuwa matuta huamua nani anasonga mbele na hayabadilishi matokeo ya mechi. Tena ndondo zetu huishia kwenye matuta mara nyingi, na giza likiwa limeshaanza. Mwezi Juni jua la Dar es Salaam huzama kama saa 12 na robo jioni. Mechi inayoanza saa 10:30 kamili, yenye dakika 90 na mapumziko ya dakika 15, inamalizika saa 12 na robo hiyohiyo, kabla hujahesabu muda wa majeruhi wala ubishi wa mpira wa kona. Ikichelewa dakika ishirini tu, kipa anapangua penalti kwa mwanga wa simu za mashabiki, au mwamuzi anavunja mechi. Sheria inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji wameamua vinginevyo, na waandaaji wa ndondo huamua kila namna: wengine hurudia yote, wengine hucheza dakika zilizobaki, wengine huyakubali matokeo yalipofikia. Sikuwahi kuandika ni uamuzi gani uliochukuliwa. Sasa nitakuwa na safu ya pekee kwa ajili hiyo, na mabao ya mechi iliyofutwa yatahifadhiwa bila kuhesabiwa.

Uandishi wa matokeo ya ridhaa umekuwa na mashaka tangu mpira wenyewe ulipokuwa mchanga. Tarehe 12 Septemba 1885, katika Kombe la Scotland, Arbroath waliifunga Bon Accord mabao 36–0, na siku hiyohiyo Dundee Harp waliifunga Aberdeen Rovers 35–0. Inasimuliwa kwamba mwamuzi wa mechi ya Harp alikuwa ameandika 37, kiongozi mmoja wa Harp akamwambia kuwa yeye amehesabu 35, na mwamuzi akaikubali hesabu hiyo. Rekodi ikabaki Arbroath. Nikiisoma habari hiyo huwa namwonea huruma mwamuzi yule, kwa sababu nami nimesimama pembeni mwa uwanja na kalamu mkononi, mpira ukiingia wavuni mara mbili ndani ya dakika moja huku watu wamenizunguka, nisijue kama bao la pili ndilo lile la kwanza linaloshangiliwa tena.

Wapo wanaoniuliza faida ya kuhangaikia mabao ya mchangani. Jibu mojawapo ni fedha, na viongozi wa timu ndogo wanapaswa kulielewa vizuri. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA hukata asilimia 5 ya ada hiyo na kuigawa kwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila msimu kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16 hadi 23. Ada ikiwa dola milioni moja, klabu iliyomlea msimu mmoja tu akiwa na miaka 16 ina haki ya dola 5,000, fedha inayoweza kuvisha timu ya mtaa jezi na viatu kwa miaka. Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya TP Mazembe ya Kongo na Genk ya Ubelgiji, na tarehe 5 Novemba 2019 akafunga bao dhidi ya Liverpool ugenini Anfield, hivyo safari ndefu namna hiyo kwa kijana wa Dar es Salaam si ndoto. Lakini haki hiyo hufuata usajili. Daftari langu haliwezi kuchukua nafasi ya usajili wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), na timu isiyosajiliwa haitalipwa hata ikiwa na picha elfu. Linachoweza kufanya ni kumkumbusha kiongozi kwamba kijana huyu alicheza kwake mwaka fulani, akatafute fomu yake mapema kabla haijaliwa na mchwa.

Kwa nini basi nisirekebishe huku nikiendelea? Nimejaribu tangu Desemba. Kila nilipomaliza kusafisha msimu mmoja, matokeo ya Jumapili yaliingia kwa utaratibu wa zamani na kunirudisha nyuma. Masika ndiyo nafasi yangu, kwa kuwa kuanzia Machi hadi Mei viwanja vyetu vya udongo hujaa maji na mechi nyingi huahirishwa zenyewe. Katika muda huo pia nitaondoa tarehe za kuzaliwa za watoto kwenye orodha zinazosomwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetukumbusha kwamba taarifa ya mtu ina mwenyewe, na hata kama isingekuwepo, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka kumi na nne haina kazi kwenye orodha ya wafungaji.

Ninachoomba kwenu ni orodha za zamani za wachezaji, hata zilizolowa au kuchanika, hasa za mwaka 2015 na 2016, ambapo daftari langu moja lilinyeshewa na wino ukasambaa. Zipigeni picha mchana, karatasi ikiwa imelazwa mahali tambarare, na muandike nyuma jina la timu na tarehe.

Jumamosi iliyopita nilianza na ukurasa ule wa Juni. Niliwaalika akina Kijiko wote wawili, wakaketi kwenye mkeka barazani, daftari katikati yao. Yule winga alisema wiki ile yote alikuwa Kilwa msibani kwa babu yake. Mwenzake aliutazama ukurasa kwa muda, akaweka kidole kwenye bao la tatu na kusema hilo alilifunga kwa kichwa, kona ikitoka upande wa mwembe, na kwamba alicheza kipindi cha pili kwa kiatu cha kuazima kilichombana kidole gumba. Pembeni ya mstari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na maneno mawili niliyokuwa nimeyasahau: “kona, kichwa”. Mabao yote manne sasa yako chini ya namba 0042.