Kwa nini maji ya chumvi hayagandi kwenye sifuri

Maji matupu yanaganda nyuzi 0, hilo kila mtu analijua, ila ukiyeyusha kitu ndani yake, iwe chumvi, sukari au spiriti, sifuri haitoshi tena, inabidi baridi izidi hapo. Huko ndo kushuka kwa kiwango cha kuganda.

Sababu yake hii hapa. Pale barafu inapogusana na maji kuna molekuli zinajipanga kuingia kwenye barafu na nyingine zinachomoka kurudi majini, na kwenye sifuri kamili zinazoingia na zinazotoka zinalingana. Sasa tia chumvi: majini kumejaa chembe ambazo barafu haizipokei, zinazoingia zinapungua, zinazotoka ziko vilevile, basi barafu inayeyuka mpaka joto lishuke ndo zilingane upya. Maji ya bahari kwa mfano yanaganda kwenye kama -1.9.

Na maji hayaangalii umetia nini, yanaangalia idadi ya chembe tu. Moli 1 ya chembe (moli ni fungu la kuhesabia chembe, kama dazeni ila kubwa mno) kwenye kilo 1 ya maji inashusha nyuzi 1.86. Sukari ili ufike hapo unahitaji gramu 342, maana molekuli yake inabaki nzima. Chumvi gramu 58.5 zinatosha na inakuzidishia, kwa sababu ikiyeyuka inaachana vipande viwili vyenye chaji ya umeme, yaani ioni ya sodiamu na ya kloridi, kwa hiyo kihesabu ni 3.72, japo ukipima kweli unapata pungufu kidogo coz ioni zinavutana, hazijitegemei kabisa. Kalsiamu kloridi inatoa vipande vitatu, ndo maana nchi za theluji wanaimwaga barabarani baridi ikikaza. Ila msije mkaitumia hesabu hii kwa mmumunyo mzito, inaanza kudanganya.

Pia kushuka huku kuna mwisho. Chumvi ya kawaida inafika -21 hivi, ikiwa kama asilimia 23 ya uzito, ukiongeza zaidi hupati kitu, inabaki chumvi tu chini ya chombo.

Kitu ninachokipenda mimi ni kuigeuza hesabu: pima nyuzi zimeshuka ngapi, utajua umeweka moli ngapi, gawanya gramu zako kwa hizo moli unapata uzito wa moli moja ya kitu usichokijua. Mwanakemia Mfaransa Raoult alikuwa anafanya hivyo miaka ya 1880, silaha yake kubwa ikiwa kipimajoto.