Mboji ya shule ikinuka, imekosewa

Walimu wengi hukataa lundo la mboji karibu na madarasa wakiamini kwamba taka zikioza lazima zinuke. Si kweli. Harufu ile ya yai viza hutokea lundo likikosa hewa: maganda mabichi yamerundikwa peke yake, yakalowa na kushikamana, na vijidudu visivyohitaji hewa vikashika kazi.

Dawa ni makavu. Kwa kila ndoo 1 ya maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha, wanafunzi waweke ndoo 2 hadi 3 za majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, na juu pafunikwe kwa makavu daima. Lundo lifike mita 1 kila upande. Likiwa dogo halishiki joto. Mwanafunzi achukue konzi kutoka katikati, aikamue: yakidondoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, ongezeni makavu na mgeuze siku hiyohiyo. Vinginevyo geuzeni kila wiki.

Panya nao huvutwa hasa na ugali, maharage yaliyoungwa na mifupa ya samaki. Hivyo visiingie kabisa, hata kidogo.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjikavunjika mkononi, na hunukia kama udongo ulioguswa na mvua.