Kufumua bafu si kubandika tailizi

Juzi niliitwa Isevya, hapa kwetu Tabora, kwa shemeji: "Njoo uone bafu, tumelifumua." Nikavua viatu, nikaingia. Ukuta una rangi mpya, kioo kipya, koki inang'aa, na chini kuna tailizi nyeupe alizozichagua mwenyewe. Kugeuka nifunge mlango, mlango ukagoma. Ulikwaruza ukaishia katikati. Fundi alibandika tailizi mpya juu ya zile za zamani, sakafu ikapanda kama sentimita moja na nusu, na mlango hakuna aliyeukumbuka.

Chai yangu nilikunywa nikanyamaza. Lakini neno hili, kufumua, limenichosha sasa, maana linatumiwa vibaya hata upande wa pili: kule Cheyo fundi alimwambia mama mmoja kwamba bafu lake "ni la kufumua", kumbe kilichokufa ni mpira wa ndani ya koki. Kwa shemeji neno limekuwa sifa, kwa yule mama likawa bili.

Maana zenyewe ni fupi. Kupendezesha bafu ni kubadili kinachoonekana: rangi, kioo, koki, taa, na mabomba yakabaki yalipo. Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika kikarudi kufanya kazi. Kufumua ni kutoa tailizi, plasta na mabomba mpaka ukutane na tofali na zege, halafu unaanza tena.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kuna kufuma, halafu kuna kufumua. Hiyo -ua ya mwisho ndiyo inayorudisha kitendo nyuma: unaziba, unazibua, unafunga, unafungua, unatega, unategua, unaezeka, unaezua. Zamani ilikuwa na l katikati, na wazee wetu wa Kinyamwezi bado wanaitamka, kwao ni -ula. Kiswahili kiliimeza, lakini haijafa: sema "nifungulie mlango" uone inavyochungulia. Fungua, fungulia. Fumua, fumulia. (Bomoa nayo ni ya ukoo huo, ila sijawahi kumsikia mtu akisema anaboma nyumba, ingawa maboma yasiyo na paa tunayo kila mtaa.)

Kwa hiyo kufumua kunadai kwamba kilichofumwa kimeachiana, uzi mmoja mmoja. Kina mama wanalielewa hili kuliko mafundi. Nywele ukizifumua, unakaa chini na kitana unafungua msuko mmoja baada ya mwingine mpaka kichwa kiwe wazi. Ukivaa wigi juu ya mistari ya mwezi uliopita, umependeza, hakuna anayebisha, lakini huwezi kumwambia msusi kwamba umefumua. Tailizi juu ya tailizi ni wigi.

Na tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu bafu lina mambo ambayo wigi halitibu. La kwanza ni maji kujua njia. Sakafu ya bafu inatakiwa iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Kama maji yalikuwa yanatuama kwenye kona ya mlango jana, ukabandika juu kwa kufuata sakafu ileile, yatatuama palepale kesho, safari hii juu ya tailizi za bei. La pili ni kilicho nyuma ya ukuta. Funga koki zote za nyumba, nenda kwenye mita ya maji utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, kuna mahali panavuja, na rangi haitakisimamisha. Ukuta unaotoa unga mweupe kama chumvi, hata ukiupaka mara tatu, unakwambia jambo hilohilo: maji yanapita ndani ya tofali na kuacha chumvi yanapokauka. Mwisho gonga tailizi kwa kishikio cha mwiko. Iliyoshika inalia kavu, tik. Iliyoachia inalia kama debe tupu. Moja mbili unazing'oa na kuzirudishia. Nusu ya ukuta ikilia debe, hapo mwite fundi wa kufumua kwa jina lake.

Sisi wa Tabora tuna sababu yetu nyingine. Mabafu mengi ya Ng'ambo na Isevya yalijengwa wakati wa mgawo wa maji, tukitegemea bwawa la Igombe, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Yalikuwa mabafu ya ndoo. Pipa kwenye kona, kata juu yake, na ukuta umepigwa saruji laini mpaka usawa wa kiuno kwa sababu maji hayakupanda zaidi ya hapo. Sasa mtu anafunga bomba la mvua juu ya kichwa, maji yanapiga ukuta ambao haukuwahi kuandaliwa kulowa. Baada ya mwaka rangi ya chumba cha upande wa pili inabambuka, na lawama anapewa fundi rangi. Bafu la ndoo likigeuzwa kuwa la bomba la mvua, lifumuliwe kweli: plasta itoke, ukuta uzuiwe maji mpaka juu ya kichwa, ndipo tailizi zipande. Vivyo hivyo ukitoka choo cha kuchuchumaa kwenda cha kukaa na unataka kukihamishia ukuta mwingine. Bomba la inchi nne halihami kwa gundi. Linataka zege likatwe na mteremko upangwe upya mpaka kwenye chemba.

Pasipo hayo, usimruhusu mtu akufumulie. Bafu lenye mabomba mazima, sakafu inayotiririsha na tailizi zinazolia tik linahitaji ndoo ya rangi, brashi ya kusugulia maungio, na Jumamosi moja. Kupendezesha si aibu. Sijui nani alituambia neno hilo ni dogo mpaka tukalivalisha jina la mwenzake.

Shemeji najua utasoma. Kile kioo nimekipenda, na nyeupe imekipa chumba mwanga. Wakija wageni Idi, tuwaambie tumelipendezesha. Ila mwite seremala aung'oe ule mlango aupige randa chini, mapema, kabla haujang'oa tailizi ya kwanza.